Mwisho Ulioandikwa Mara Mbili

4 Machi

Mwanangu,

Barua hii nimeianza mara tatu, na mara tatu nimeitwa mashineni. Salamu utazikuta huko chini kama karatasi itabaki.

Unazijua mashine zetu za kutotolesha. Ile ya kuku uliiacha wewe, na ya bata ililetwa mwaka jana mwezi wa nne. Zote mbili zinaendeshwa na kompyuta ileile uliyoiwekea programu yako. Miaka minne haijanisumbua. Nikitaka kubadili joto nafungua lile faili dogo uliloniachia, nabadili namba, nazima kompyuta, nawasha, basi. Wageni wakija kituoni wanashangaa mama mtu mzima anaiandikia kompyuta amri, na mimi nawaacha washangae.

Sasa sikiliza. Januari niliweka mayai mia sita. Siku ya kumi na nane nikafunga mlango kama kawaida, maana siku hiyo trei zinatakiwa ziache kugeuka, zilale sawa, ili kifaranga ajipange kutoka. Siku ya ishirini na moja nafungua, nakuta trei zimeinama upande. Walitoka vifaranga mia mbili na kumi na wawili. Waliobaki walifia ndani. Nilivunja mayai kumi nikaangalia: vichwa viko kwenye ncha nyembamba ya yai, kusiko na hewa. Walikuwa wazima, wenye manyoya, ila hawakujua pa kutokea.

Februari ikawa vilevile.

Ninachotaka kujua ni kimoja. Mashine inaweza kufundishwa iseme nani kaigusa? Ukutani kuna swichi ya kugeuza trei kwa mkono, unaikumbuka. Simtaji mtu. Nauliza tu.

Usinipigie simu. Ya ofisi iko mezani kwa meneja, na nikiongea kwa ya kwangu mtaa wa pili wote wanajua tumepika nini. Andika.

Baba yako mgongo umepoa. Anakusalimu.

Shangazi yako

*

11 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kwenye ngazi za ofisi, nikasahau kupanda. Mwenzangu aliponiuliza kuna msiba gani, nikamwambia kuna trei zimeinama. Hakuelewa, na mimi sijaelewa, na kwa kweli tangu siku hiyo sifikirii kitu kingine.

Mashine inasema tayari, ila hakuna aliyewahi kuiuliza. Kila trei zinapogeuka, programu inaandika saa, mashine gani, na amri ilitoka wapi: kwenye swichi ya ukutani au ndani ya programu yenyewe. Nimekuchorea hatua za kulichapisha hilo daftari lake. Ni hatua tano, na ya nne inataka uvumilivu.

Nikukumbushe jambo ambalo nilikueleza vibaya wakati ule, kwa sababu nilikuwa na haraka. Programu yangu ni kubwa na ngumu, na sikutaka uwe unanisubiri mimi kila ukitaka kupunguza joto. Kwa hiyo ndani yake niliweka mkalimani. Yeye kazi yake ni kusoma mafaili madogo yaliyoandikwa kwa lugha nyepesi, kama lile lako, na kuyatekeleza. Kompyuta ikiwashwa anayasoma yote yaliyomo kwenye kabati moja la ndani ya kompyuta, moja baada ya jingine, kwa mpangilio wa alfabeti.

Sasa nina maswali, na usinione msumbufu. Kwenye faili lako, neno "mwisho" bado linasema 18? Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kugeuza. Na ndani ya kabati mna mafaili mangapi sasa? Nilipoondoka lilikuwamo moja tu. Niandikie majina yake kama yalivyo, hata kama ni ya kuchekesha.

Na hao vifaranga uliowaangalia, wote kumi vichwa vilikuwa upande uleule?

Mwanao

*

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Wote kumi, upande uleule. Swali zuri, meneja hakuliuliza.

Daftari la mashine nimelichapisha, liko humu kwenye bahasha, kurasa kumi na moja. Hiyo hatua ya nne ungesema tu inataka maombi. Mimi silisomi, naona saa na namba zimejipanga kama watoto shuleni.

Faili langu nimelifungua. Imeandikwa mwisho = 18, kama ulivyoiacha. Hakuna aliyeigusa, ndiyo maana nasema tatizo si maandishi, tatizo ni mkono.

Mafaili ni mawili. Moja linaitwa kuku, langu. La pili linaitwa mayai_ya_bata.

Huyo wa bata hujamwona, alikuja baada yako. Alikuwa fundi saa miaka mingi, macho yakachoka, akaletwa hapa. Mtu mpole, ukimsalimia anaweka kwanza chini alichoshika ndipo aitikie. Nilimpa jina la Bwana Bata na limemganda, hata meneja analitumia. Miezi minane bata wake walikuwa wanakufa ndani ya mayai, wamenata kwenye ganda kama wamepakwa gundi. Tulikuwa tunamtania, tunamwambia arudi kwenye saa, huko hakuna anayekufa. Alikuwa anacheka na sisi.

Basi mwezi uleule vifaranga wangu walipokufa, bata wake wakatoka karibu wote, wanaandamana kwenye sakafu kama wanafunzi wa chipukizi. Mwezi uleule, mwanangu. Ufunguo wa chumba cha mashine tunao wawili, mimi na yeye. Mimi si mtoto wa jana.

Soma hizo kurasa uniambie saa ngapi aligusa.

Shangazi yako

*

27 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kurasa zako nimezitandaza sakafuni, zimefika mpaka mlangoni, na nimezisoma nikitambaa.

Kuanzia siku ya kumi na nane mpaka ya ishirini na moja trei zako zimegeuka mara sabini na mbili. Mara moja kila saa, bila kuruka hata moja. Na zote sabini na mbili zimeandikwa chanzo kilekile: amri ya faili la kuku. Faili lako. Swichi ya ukutani haikuguswa Januari yote wala Februari yote, isipokuwa mara mbili siku ya usafi, mchana, na mayai hayakuwemo.

Hakuna mkono, shangazi. Ni programu yenyewe iliyogeuza, kwa amri ya faili ambalo ndani yake limeandikwa liache siku ya 18. Hapo ndipo usingizi unaponipotea. Faili linasema 18, linatenda kama limesikia namba nyingine.

Naomba unisaidie kwa mambo mawili. Ninakilie faili la bata, neno kwa neno, hata zile alama zinazoonekana hazina kazi. Kisha muulize huyo Bwana Bata: hilo faili alilianza lini, na je, kabla yake kulikuwa na jingine? Ukimuuliza vizuri atakumbuka, mafundi saa wanakumbuka tarehe. Yeye yuko hapo hapo, ni kugeuza shingo tu.

Kuna jambo nataka kulihakikisha kabla sijalisema.

Mwanao

*

4 Aprili

Mwanangu,

Hayupo. Bata nawahudumia mimi kwa sasa.

Faili lake hili hapa, nimelinakili kwa kalamu mpaka kidole kimevimba. Utaona ni kama langu, ila palipo geuza_kuku yeye kaandika geuza_bata, na palipo mwisho = 18 yeye kaandika mwisho = 25, kwa kuwa mayai ya bata yanageuzwa mpaka siku ya ishirini na tano. Makosa sijayaona. Maandishi ya mtu mwangalifu, hilo simnyimi.

Hayo ya faili kusema hili na kutenda lile mimi hayaniingii. Mashine haina roho mbili. Wewe rekebisha tu. Kuna wafugaji arobaini wameandikisha vifaranga, na kila asubuhi wapo getini wananitazama kama mimi ndiye ninayetaga.

Habari za kumtafuta mtu huyo ziache. Kazi zinabadilika, watu wanakuja na kuondoka.

Shangazi yako

*

6 Aprili

Kwako mtaalamu wa kompyuta,

Natumaini barua hii haitakukera. Hatujawahi kuonana. Anwani yako nimeipata nyuma ya lile daftari la maelekezo uliloliacha kituoni, ambalo nilinakili karibu lote wakati najifunza. Wananiita Bwana Bata. Jina halisi la mtu likishapotea halirudi kirahisi, kwa hiyo nitalitumia hilo.

Nina swali na limenikaa kichwani tangu Januari.

Ukurasa wa sita umeandika: "Akija ndege mwingine, nakili faili hili, badilisha jina la ndege na namba." Nilifanya hivyo mwaka jana mwezi wa nne. Faili nikaliita bata. Namba niliziangalia mara nyingi kuliko ninavyoziangalia dawa zangu. Miezi minane bata walinata kwenye maganda. Nilijua sababu yake ni kutogeuzwa vya kutosha, lakini faili lilisema 25 na mimi niliamini nilichoandika. Mwishowe nikaamini kwamba mkono wangu ni mzito, kwamba ninawaumiza wakati wa kuwapanga. Mke wangu alikuwa ananikuta nabeba mayai ya jikoni kwenye kiganja, najipima.

Tarehe mbili Januari nilikaa nikaliandika faili upya kwa usafi, maana lile la kwanza lilikuwa na nafasi nyingi zisizo na kazi. Hilo jipya nikaliita mayai_ya_bata, la zamani nikalifuta. Namba sikubadili hata moja. Mwisho wa mwezi bata walitoka. Nilisimama pale nikashindwa kufurahi, kwa sababu sikuelewa.

Ninachouliza ni hiki: jina la faili linawezaje kumtoa bata kwenye yai? Nimetengeneza saa miaka thelathini, na sijaona saa iliyobadilisha majira kwa kupewa jina jipya.

Muda wa kuwaza ninao siku hizi. Tangu tarehe ishirini Februari sipo kazini. Shangazi yako alimwandikia meneja kwamba nilichezea swichi ya mashine yake kwa wivu, na meneja akaona heri nipumzike. Sikuandikii ili unitetee, yeye ni damu yako. Nakuandikia kwa sababu ya lile swali. Kama lina jibu, ningependa kulijua, hata kwa mistari miwili.

Ndimi,
Fundi wa bata

*

15 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kaa chini kabla hujaendelea, na kama uko kituoni ifunge barua hii ukaisomee nyumbani.

Nimejua kilichotokea. Mkalimani wangu anayasoma mafaili yote, na kila neno analolikuta analiandika mahali pamoja. Sikuyapa mafaili sehemu zake. Faili lako likisema mwisho ni 18, anaandika: mwisho, 18. Likija faili la pili na kusema mwisho ni 25, hatengi nafasi nyingine, anafuta 18 anaandika 25. Kuanzia hapo yeyote atakayeuliza mwisho ni upi, wa kuku au wa bata, anajibiwa 25. Faili lako halikudanganya. Liliandika 18, na saa ya kugeuza ilipofika lilikwenda kuuliza, likakuta namba ya mwenzake. Aliyeandika mwisho ndiye ambaye mwisho wake ulibaki.

Na anayeandika mwisho ni nani? Anasoma kwa alfabeti. Mayai_ya_bata linakuja baada ya kuku. Ndiyo maana vifaranga wako waligeuzwa mpaka siku ya kutoka.

Lakini shangazi, kabla ya Januari faili lake liliitwa bata tu, na bata linasomwa kabla ya kuku. Kwa hiyo miezi minane yote namba iliyobaki ilikuwa yako. Mayai yake yaliacha kugeuzwa siku ya kumi na nane wakati yalihitaji siku saba zaidi. Faili lako ndilo lililokuwa linaua bata wake, na hakuna aliyekushtaki. Yeye mlimwambia arudi kwenye saa.

Ameniandikia. Hakulalamika. Ameuliza swali, na ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na watu ninaofanya nao kazi hii. Ndani ya barua hiyo, kama kitu kidogo tu, ndipo nikajua kwamba tangu Februari hayupo kazini, na kwa barua ya nani. Mimi uliniambia watu wanakuja na kuondoka.

Ningekukasirikia zaidi kama nisingekuwa na langu. Nilipoona majina ya mafaili mawili kwenye barua yako ya Machi nilishajua kwa nusu. Uliponinakilia faili nikajua kabisa. Nikanyamaza, nikajiambia nahakikisha. Sikuwa nahakikisha. Wakati naitengeneza programu ile nilijua kwamba kila faili linatakiwa kupewa sehemu yake, jina lake likae mbele ya kila neno lake. Ilihitaji siku mbili za kazi. Nilikuwa na safari, faili lilikuwa moja, nikasema nani atakuja kuongeza la pili. Kisha nikaandika ukurasa wa sita kwa mkono wangu: nakili, badilisha namba. Yule mzee alifanya nilichomwambia. Alifukuzwa kwa kufuata maelekezo yangu.

Cha kufanya leo: fungua faili lako, na kila penye neno mwisho andika mwisho_kuku. Liko sehemu nne. Zima, washa. Hilo litawalinda vifaranga. Kwenye bahasha mna flashi yenye programu mpya. Humo kuku ana mwisho wake na bata ana mwisho wake, na hata yakija mafaili kumi yenye maneno yaleyale hakuna atakayemfuta mwenzake. Jina la faili litaanza kwanza, kuku.mwisho, mayai_ya_bata.mwisho, kama vile watu wawili wa jina moja wanavyotajwa kwa majina ya baba zao.

Barua ya meneja nimeiweka peke yake. Nimeandika kosa ni langu. Lililo lako sikuligusa, hilo utalisema mwenyewe.

Wewe ulinilea tangu nina miaka tisa, na sijawahi kukuambia neno gumu. Naogopa jibu lako, lakini nalisubiri.

Mwanao

*

10 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa makusudi. Wiki ya kwanza nilikuwa nimekununia wewe, ya pili nikajinunia mwenyewe, ya tatu nilikuwa nangoja mayai.

Jana nimefungua. Trei zimelala sawa. Vifaranga mia tano arobaini na mmoja. Nilikaa kwenye ndoo katikati ya kelele zao na sikumwita mtu.

Ya meneja nilimpelekea siku ileile ilipofika. Akasoma, akasema basi ni kosa la kompyuta, atampigia simu Bwana Bata arudi na yaishe. Nikamwambia hapana, kompyuta haikuandika barua ya kumshtaki mtu, mimi ndiye niliyeandika. Nikamwomba aite wafanyakazi. Tulikuwa watu kumi na mmoja kwenye chumba cha kupangia mayai, nikaisoma barua yangu ya Februari kwa sauti, kisha nikaisoma yako. Nilipofika kwenye miezi minane mpishi akanipa maji.

Kisha nikaenda kwake.

Anakaa ghorofa ya tatu, ngazi hazina taa, mlangoni kuna saa ya ukutani isiyo na kioo. Mkewe alinifungulia na hakunikaribisha kukaa. Yeye alikuwa mezani na vyuma vyake. Aliponiona akaweka chini alichoshika, ndipo akaitikia salamu. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani. Yalitoka machache tu, kwamba nilimkosea, kwamba nilimshtaki bila kujua, na kwamba bata wake niliwaua mimi. Nikampa barua yako. Aliisoma mara mbili, ya pili kwa kidole, na ule ukurasa wa alfabeti akaurudia tena. Nikamwona anatabasamu kidogo, si kwangu, kwa karatasi.

Akaikunja, akaniambia, "Mama, kufukuzwa sikuumia sana. Ulimwandikia meneja, kisha ukamwandikia mtu aliye mbali kumuuliza nimefanya nini. Januari yote mimi nilikuwa chumba cha pili, hukuniuliza."

Mkewe akavuta kiti, akakiweka karibu yangu, lakini nilishindwa kukikalia. Nikaaga.

Hakusema kama atarudi. Jumatatu nilimkuta getini kabla yangu, na begi lake, anamsubiri mwenye ufunguo. Nikafungua, tukaingia. Akawasha kompyuta, akafungua mafaili yote mawili, langu na lake, akayatazama yanavyosomwa moja baada ya jingine, kila moja na lake. Alichokuja kuona ni hicho, nadhani. Mimi sikuwa sehemu ya habari hiyo.

Nilisimama mlangoni nikifuta mikono ambayo haikuwa imelowa. Mwisho nikamuuliza kwa nini yai la bata linageuzwa mpaka siku ya ishirini na tano na la kuku linaachwa mapema. Tumefanya kazi mlango kwa mlango mwaka mzima, na sikuwahi kumuuliza chochote cha kazi yake.

Akanitazama aone kama namtania. Kisha akavuta kiti cha pili, akachukua yai moja la bata na tochi, akalimulika, na akaanza kunieleza. Safari hii nilikaa.

Shangazi yako